Mita Kumi na Moja

Nianze na kofia, maana kofia ndiyo iliyoniponza.
Ya manyoya ya sungura, rangi ya majani makavu,
mali ya mzee Ottmar, fundi wa vinanda vya kanisa,
siku hiyo akiagwa kazini baada ya miaka arobaini na miwili.
Upepo wa Bamberg uliinyakua pale darajani,
nami, mwenye usukani, niliyekunywa maji matupu tangu asubuhi,
nikavuta breki, nikashuka, nikaikimbilia.

Hamjaliona gari letu? Ni meza yenye magurudumu.
Katikati pipa la bia inayonukia moshi kama nyama ya kubanikwa,
pembeni viti kumi, watano kwa watano wakitazamana,
chini ya kila kiti kanyagio.
Injini haina. Injini ni mapaja ya wateja.
Wanavyozidi kunywa ndivyo wanavyozidi kuimba,
wanavyozidi kuimba ndivyo mwendo unavyozidi kuwa wa konokono,
na nyuma yetu teksi hulia kama bata waliofungiwa.

Nilikuwa hatua thelathini mbali, kofia mkononi,
nilipomwona Ottmar amekalia kiti changu.
Alitaka tu kuona dunia ilivyo kutoka hapo, alisema baadaye,
yeye ambaye hajawahi kuwa na leseni hata ya pikipiki.
Akagusa breki. Breki ikaachia.
Na wale tisa, miguu yao ilishazoea,
wakakanyaga.

Mita kumi na moja.
Polisi alizipima kwa utepe, akarudia kuzipima.
Mwisho wake chungu cha maua cha mwoka mikate,
vipande vitatu. Hakuna aliyeumia.

Kijana wa polisi, Raimund, alitoa kipimo cha pumzi,
akampulizisha Ottmar. Halafu akasita,
akawatazama wale tisa, bilauri bado mikononi,
akajikuna shingo:
"Na ninyi je? Abiria au madereva?"
Hakuna aliyejibu. Mmoja alicheua.

Novemba, mahakamani.
Wakili akasema: mzee huyu alishika chuma tu,
nguvu ilitoka miguuni mwa wengine.
Asiyesukuma anaendeshaje?
Mwendesha mashtaka akaruka: basi tuwashtaki wote kumi!
Aliyekanyaga amesogeza, aliyesogeza ameendesha.
Hapo wale tisa, waliokuwa wakichekacheka,
wakaficha miguu chini ya benchi.

Jaji Hölscher, mama mfupi mwenye mafua,
akapenga kamasi, akaniita mimi.
"Wao wakiinua miguu, gari linasimama?"
Kwenye tambarare, ndiyo. Kwenye mteremko, hapana.
"Na wakikanyaga, usukani hauna mtu?"
Linakwenda, Mheshimiwa.
"Wapi?"
Kwenye chungu cha maua.
Akaandika muda mrefu. Nilisikia kalamu.

Hukumu ilikuwa kurasa sita, mimi nimebaki na mstari mmoja:
miguu hutoa mwendo, mikono hutoa njia,
na sheria humuuliza mwenye njia.
Tisa wakaenda zao; jasho lao halikuwa kosa.
Ottmar akatozwa faini ya kumfanya aketi.
Nami nikapewa onyo, kwa kuacha usukani
kama mtu aachavyo mwavuli dukani.

Kwenye ngazi za mahakama nilitaka kumpa pole.
Akanikatiza. Zamani, alisema, kabla ya umeme,
nyuma ya kinanda walisimama watoto wanne
wakikanyaga mivukuto, misa nzima, mpaka magoti yakalegea.
Bila wao bomba hata moja lisingelia.
Lakini noti ikikosewa,
waumini wote waligeuka kumtazama mpigaji.
Akaitazama mikono yake, mbele, nyuma,
kama aliyerudishiwa kitu alichokiazimisha.

Siku hizi nikishuka, nashuka na mpini wa breki mfukoni.
Na kofia? Ingali kwangu, msumarini, nyuma ya mlango.
Nimempigia simu mara mbili aje kuichukua.
Anasema atakuja. Kwa miguu.